Kabla ya Kupanga Muda Wako wa Kazi, Upime

Ushauri mwingi kuhusu matumizi ya muda kazini huanzia kwenye ratiba: chora jedwali, igawanye siku kwa saa, kisha fuata ulichoandika. Mimi huanzia nyuma ya hapo. Ratiba ni ahadi, na mtu hawezi kuahidi vizuri jambo asilojua ukubwa wake. Katika miaka niliyofanya kazi ya ofisini, kwanza nikiandaa taarifa na baadaye nikiwasimamia wanaoziandaa, nimeona wafanyakazi wenye bidii wakihesabiwa kuwa wazembe kwa sababu moja tu: kila kazi wanayopewa huikadiria kwa muda mdogo kuliko inavyohitaji, huahidi kwa makadirio hayo, kisha huchelewa. Nimeona pia wengine wasio na kasi yoyote ya kushangaza wakiaminiwa kazi kubwa, kwa kuwa wakisema Alhamisi, Alhamisi hiyo kazi imefika mezani.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachompa anayeniomba ushauri ni daftari la kawaida lenye safu tatu: kazi yenyewe, muda anaodhani itachukua, na muda iliochukua kweli. Safu ya pili sharti ijazwe kabla ya kuanza kazi. Ukiijaza baadaye utajikuta unaisogeza ilingane na ya tatu, na hutakuwa umejifunza chochote. Muda wa kukatizwa nao uandikwe, hata kama ni wa kumjibu mwenzako aliyesimama mlangoni na swali la dakika moja ambalo limekula robo saa. Zoezi hili huchosha, sikatai, na siku za mwanzo takwimu zake huwa za ovyo kwa sababu mtu husahau kuandika. Likiendelea kwa wiki kadhaa, picha huanza kujitokeza.

Chukua taarifa ya matumizi ya mwezi, kazi niliyoifanya kwa muda mrefu. Katika safu ya pili niliandika saa mbili, na makadirio hayo yalikuwa na msingi: kupanga hesabu kwenye jedwali, kukagua jumla na kuandika maelezo ya kurasa chache hakukuzidi hapo. Safu ya tatu ilionyesha siku nzima na sehemu ya siku iliyofuata. Maelezo madogo niliyoandika pembeni ndiyo yaliyonionyesha muda ulikokwenda. Vitengo viwili vilichelewesha hesabu zao, na kimoja kilizileta kwenye karatasi ambazo zililazimu kuingizwa upya kwenye kompyuta. Stakabadhi zilizokosa sahihi zilirudishwa zikasubiriwa. Na mkuu aliyetakiwa kuidhinisha alikuwa vikaoni hadi jioni. Uandishi wenyewe haukuwa na tatizo lolote. Mwezi uliofuata ombi la hesabu lilitoka kwangu mapema, likiambatana na jedwali tupu ambalo vitengo vyote vililijaza kwa mpangilio mmoja, na nafasi ya kupata idhini niliiomba kwenye kalenda ya mkuu kabla wengine hawajaijaza. Sikuongeza kasi ya kuchapa hata kidogo, na taarifa ikaanza kufika kabla ya siku yake.

Tabia hii ya kukadiria pungufu imechunguzwa vya kutosha. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliieleza kuwa ni mwelekeo wa kawaida wa akili ya binadamu: tunapopanga kazi tunaitazama hiyo peke yake, jinsi itakavyokwenda mambo yakinyooka, bila kuuliza kazi zilizofanana nayo zilichukua muda gani. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti uliowahusu wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Kwa wastani wanafunzi hao walikadiria kumaliza kwa siku 33.9, wakamaliza kwa siku 55.5. Lililo zito zaidi ni kwamba waliombwa pia wakadirie muda endapo kila kitu kingekwenda kombo, wakataja wastani wa siku 48.6. Yaani hata walipojilazimisha kuwaza mabaya, bado walipungukiwa na karibu wiki nzima. Ndiyo maana simwambii mtu aongeze muda kidogo wa tahadhari, kwa sababu hicho kidogo nacho atakikadiria pungufu. Afungue safu ya tatu, aangalie kazi ya aina hiyo iliwahi kuchukua muda gani, kisha aahidi kwa huo.

Hapa ndipo muda unapokutana na ufanisi. Kazini ni nadra mtu kufanya kazi inayoishia kwake. Taarifa yangu ni mwanzo wa kazi ya mwingine, naye ameshapanga siku yake kwa kuitegemea. Nikichelewa nusu siku, yeye anaweza kuchelewa siku mbili, kwa kuwa nafasi aliyoitenga imepita na kesho ana shughuli nyingine. Msimamizi naye hapimi jasho. Anaangalia kilichofika, kimefika katika hali gani, na kama alilazimika kukifuatilia. Mfanyakazi wa kufuatiliwa kila mara humla mkuu wake muda, na jambo hilo ndilo linaloingia, kwa maneno ya upole, kwenye fomu ya tathmini ya utendaji. Niliyekuwa upande wa pili wa meza naweza kusema wazi kwamba kazi nzito sikumpa anayemaliza mapema sana leo na kuchelewa kesho. Nilimpa yule ambaye tarehe yake haikunilazimu kuuliza mara ya pili.

Na ikitokea kwamba tarehe haitawezekana, uzito wote uko kwenye siku unayolisema hilo. Ukiona Jumanne kwamba kazi ya Alhamisi haitakamilika, sema Jumanne. Siku hiyo mkuu wako bado ana njia kadhaa: kusogeza tarehe, kupunguza ukubwa wa kazi au kukuongezea mtu. Ukisubiri hadi Alhamisi saa tisa alasiri, umemwachia njia moja tu, ambayo ni kwenda kuomba radhi kwa niaba yako.

Daftari hufichua pia kwamba saa hazilingani. Uchambuzi ulionichukua saa moja na nusu asubuhi, kabla simu hazijaanza kuita, ulinichukua mchana mzima nilipoujaribu kati ya kikao na kikao. Mwingine atakuta akili yake hufunguka alasiri. Kila mtu aangalie kumbukumbu zake mwenyewe, asiazime saa za mtu mwingine. Ukishazijua saa zako nzuri, zilinde kwa kazi inayohitaji kufikiri, na zile nyepesi, kama kupanga faili, kujaza fomu au kujibu barua pepe za kawaida, zisogezwe kwenye saa ambazo akili imeshapoa. Watu wengi hufanya kinyume: huanza siku na barua pepe kwa sababu ni rahisi na zinatoa hisia kwamba kazi imeanza, na inapofika zamu ya kazi kubwa, kilichobaki ni uchovu.

Kuhusu kurukaruka kati ya kazi, utafiti wa Sophie Leroy uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mtu akihamia kazi ya pili kabla ya kuifunga ya kwanza, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka, na kazi ya pili hufanyika vibaya zaidi. Gloria Mark na wenzake nao walikuta, mwaka 2008, jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka linapingana na hilo: waliokatizwakatizwa walimaliza kazi yao haraka zaidi, ila kwa msongo mkubwa zaidi, kukereka na hisia ya kubanwa na muda. Kwangu mimi hayo mawili yanakwenda pamoja. Mtu aliyezoea kukatizwa hujifunza kukimbiza kazi, na jioni hajui kwa nini amechoka kiasi hicho. Dawa yake inajulikana, sitaichambua sana: zima arifa za simu, funga barua pepe na uzifungue kwa nyakati ulizojipangia, na wenzako wajue ni saa ngapi unapatikana.

Wako wanaosifu mbinu ya Francesco Cirillo, Mwitaliano aliyeibuni akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980: dakika 25 za kazi bila kugusa kingine, dakika tano za mapumziko, kisha tena. Nimeitumia na ninaipendekeza kwa kazi ambayo mtu anaikwepa, kwa sababu dakika 25 hazitishi. Kwa uchambuzi mzito naiacha. Kengele hulia pale hasa mawazo yameanza kushikana.

Msomaji makini atauliza: nikiahidi kwa muda mrefu zaidi, kazi haitajivuta tu hadi iujaze muda huo? Swali hilo ni la haki. Mwaka 1955 Cyril Northcote Parkinson, mwanahistoria Mwingereza, aliandika kwa kejeli kuhusu urasimu kwamba kazi hutanuka ikajaza muda uliotengewa, na yeyote aliyewahi kukaa ofisini anajua hakukosea. Wiki mbili zikitolewa kwa ripoti moja, ya kwanza hupita katika kutafakari, na ripoti huandikwa dakika za lala salama. Ninachofanya ni kuikata kazi vipande, kila kipande kikiwa na tarehe yake na mtu wa kukipokea. Muhtasari uonwe na mwenzangu Jumatatu, takwimu zihakikiwe Jumatano, rasimu ifike kwa mkuu Ijumaa. Tarehe ambayo hakuna anayeisubiri haina nguvu, hata ukiizungushia wino mwekundu kwenye kalenda.

Kazi za viporo zina adha yake. Tangu tafiti za Bluma Zeigarnik za mwaka 1927, wanasaikolojia wamejadili jinsi jambo lisilokamilika linavyomng'ang'ania mtu kichwani. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba si lazima uimalize kazi ili ikuache. Kupanga kwa uwazi jinsi utakavyoifanya kunatosha kupunguza bughudha hiyo. Ndiyo sababu dakika kumi za mwisho za siku yangu ni za kuandika nitakapoanzia kesho. Sharti maandishi hayo yawe mahususi. "Taarifa" haitoshi. Ninaandika: "Anzia jedwali la pili, safu ya usafiri, stakabadhi mbili hazijarudi, ziulizwe kabla ya saa nne." Kesho yake sihitaji kutafuta mlango wa kuingilia, na usiku huo sihitaji kuibeba taarifa hadi kitandani.

Wanaotegemea kubaki ofisini hadi usiku nawaomba watazame utafiti wa mwanauchumi John Pencavel, uliochapishwa mwaka 2014. Alirudi kwenye kumbukumbu za wafanyakazi wa viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akakuta kwamba kiasi cha kazi kilipanda sambamba na saa hadi karibu saa 50 kwa wiki. Baada ya hapo kila saa iliyoongezwa ilizaa kidogo kuliko iliyotangulia, kiasi kwamba wiki ya saa 70 haikutoa zaidi sana ya wiki ya saa 56. Kazi ya ofisini si ya kutengeneza makombora, lakini sijaona sababu ya kuamini kwamba jicho linalokagua hesabu huchoka polepole kuliko mkono unaofunga skrubu. Makosa mengi niliyorudisha kwa masahihisho yaliandikwa usiku.

Pamoja na yote hayo, mtu asiahidiwe miujiza. Mwaka 2021 Brad Aeon, Aïda Faber na Alexandra Panaccio walikusanya matokeo ya tafiti 158 kuhusu usimamizi wa muda. Walikuta kwamba uhusiano wake na utendaji kazini upo, lakini ni wa wastani. Uhusiano na kuridhika na maisha ulikuwa mkubwa zaidi. Hilo linalingana na ninayoyaona. Anayepima na kupanga muda wake huongeza ufanisi kiasi, na hupata utulivu mwingi. Sehemu kubwa ya utendaji hutegemea mambo yaliyo nje ya daftari lake: ujuzi, vifaa, maelekezo yanayoeleweka, na wingi wa kazi aliyorundikiwa.

Huo wingi ndio ninaoulizwa zaidi. Iwapo kazi za wiki zinahitaji saa 52 na wiki ya ajira ina saa 40, hakuna ratiba itakayozimeza saa 12 zilizozidi, na anayeambiwa ajipange vizuri zaidi anaonewa. Hapo daftari hubadilika kuwa ushahidi. Usiende kwa mkuu wako na neno "nimeelemewa", kwa kuwa kila mtu ofisini analisema. Nenda na karatasi moja yenye kazi zote, saa ambazo kila moja imewahi kuchukua, na jumla yake chini, kisha muulize ipi itangulie. Wako wakuu watakaojibu kwamba zote zina haraka. Usibishane. Rudi mezani, zipange wewe kwa namna unayoona ina manufaa kwa kitengo, kisha mwandikie barua pepe fupi na ya heshima: nitaanza na hii, ya pili itafika Jumatano, ya tatu Ijumaa, ya nne haitaanza wiki hii, tafadhali nielekeze iwapo ungependa mpangilio mwingine. Mara nyingi jibu huwa la mstari mmoja, la kubadilishana nafasi ya kazi mbili, na uamuzi unakuwa umefanywa na mwenye mamlaka ya kuufanya. Jibu lisipokuja, fuata ulichoandika na uihifadhi barua hiyo.