Kwa Unayeandika Filamu ya Mtu Mmoja Baharini

Muswada wangu wa kwanza ulikuwa wa mvuvi aliyepotelea baharini na ngalawa yake. Kurasa ishirini, na zote anaongea: na Mungu, na marehemu mkewe, hata na ndege. Mwongozaji alinirudishia na swali moja: "Huyu jamaa atakumba maji ya ngalawani saa ngapi?"

Nikaenda kuitazama All Is Lost, filamu ya mwongozaji J.C. Chandor (2013), kalamu mkononi. Mwigizaji Robert Redford yuko peke yake kwenye boti, Bahari ya Hindi, mwanzo hadi mwisho. Muswada ulikuwa na kurasa kama 31, filamu inapita dakika 100. Ile hesabu ya ukurasa mmoja kwa dakika moja haifui dafu hapo.

Angalia tukio la kontena linavyoandikwa. Mzee anaamshwa na maji. Kona ya kontena lililodondoka melini imetoboa ubavu wa boti. Hapigi mayowe. Analisukuma, linagoma. Anafunga nanga yake ya kitambaa, ile inayotanuka majini kama mwavuli, upande wa pili wa kontena, inalivuta taratibu mpaka linachomoka. Kisha, na hapa ndipo nilipopigia mstari, anageuza boti yenye tundu kuifuata ile nanga. Jina lake hatutajiwi hata mara moja, lakini mtu asiyeacha kifaa chake nyuma umeshamjua. Baadaye, dhoruba ikikaribia, ananyoa ndevu. Mara ya kwanza nilicheka.

Kwa hiyo, mdogo wangu, andika mikono kwanza. Anashika nini, kinamponyoka vipi, anatumia nini badala yake. Maneno yabaki kwa pale yanapomtoka bila kupenda: Redford anatukana baada ya kugundua kuwa maji ya kunywa kwenye dumu yameingia chumvi, na kwa vile amenyamaza muda mrefu, tusi lile linakugonga kifuani.

Kuhusu kupiga picha, usiwe jasiri. Wenzetu walitumia sana mabwawa ya studio ya Rosarito, Mexico, yaliyojengwa kwa ajili ya Titanic. Sisi tulikodi boti. Mpiga kamera alitapika tangu asubuhi hadi adhuhuri, na upepo ukameza sauti yote. Ilibidi nirudi ufukweni usiku kurekodi kamba zikisuguana na maji yakipiga ubao. All Is Lost yenyewe iliteuliwa kuwania Oscar moja tu: uhariri wa sauti.

Mvuvi wangu alibakiwa na sentensi moja. Nikiitazama leo, hata hiyo ningeifuta.