Kipandauso kinapoanzia machoni

Wengi tunakijua kipandauso kama maumivu ya upande mmoja wa kichwa. Changu hutanguliwa na macho. Nasoma ujumbe kwenye simu, mara katikati ya neno herufi mbili tatu hazipo. Baadaye kidogo pengo hilo linaota ukingo wa mistari ya pembepembe inayometameta kama bati jipya juani. Ukingo hutanuka taratibu kuelekea pembeni hadi unapotelea huko. Kwa kawaida hayo yote huisha ndani ya saa moja, ndipo kichwa kinapoanza kugonga, na kichefuchefu juu yake. Wapo wasioumwa kichwa kabisa, na hao ndio huhangaika zaidi kujua wana nini.

Ukiona hivyo, funika jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Mimi naliona pengo kwa kila jicho, hata nikiyafumba yote. Maana yake chanzo si jicho, kipo kisogoni, sehemu ya ubongo inayopokea picha kutoka machoni, ambako wimbi la umeme hutambaa kama milimita 3 kwa dakika. Kwa hiyo pengo hukua polepole, na miwani haiwezi kulitibu hata muuzaji akikuapia.

Jicho moja likiingia giza ghafla, au uone kama pazia linashuka, au cheche na vidoa vipya vingi vinavyoelea, mwone daktari wa macho siku hiyohiyo. Huenda retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inabanduka. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, hesabu ni kiharusi, kimbilia hospitali. Kipandauso nacho huweza kuleta ganzi, ila hilo si la kuamuliwa nyumbani. Nenda pia kama mimeto imekuanza ukiwa umeshavuka miaka 50, au imepitiliza saa nzima.

Ikinikuta naendesha, naweka gari kando mpaka ipite. Dawa ya maumivu nameza mapema, kabla kichwa hakijachachamaa. Ila ukizimeza kila mara, siku 10 au 15 kwa mwezi, zenyewe huanza kukuletea maumivu ya kichwa.

Na akina dada mnaotumia vidonge vya majira: mwambieni mtoa huduma kuhusu mimeto hii, msisubiri kuulizwa. Vidonge vyenye estrojeni, pamoja na kipandauso cha namna hii, huongeza hatari ya kiharusi, na njia zisizo na homoni hiyo zipo.