Insha ya vita vya Wafaransa na Waholanzi: anzia Maastricht

Ndugu, umeuliza uanzie wapi insha yako ya vita vya 1672 hadi 1678, maana mapigano ni mengi yanakuchanganya.

Anza na mzingiro wa Maastricht, mji wenye ngome uliokuwa mikononi mwa Waholanzi, Juni 1673. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alikuwepo mwenyewe, lakini mtu wa kumfuatilia ni mhandisi wake, Vauban. Alichimbisha mahandaki marefu sambamba na ngome, yakaunganishwa na mengine ya kupindapinda, ili askari wengi wasogee pamoja wakiwa wamekingwa. Mji ulisalimu amri tarehe 30, takriban wiki mbili tangu uchimbaji uanze. D'Artagnan, ofisa maarufu wa Kifaransa, aliuawa hapo tarehe 25. Chora ramani ya mahandaki hayo kwa mkono wako. Maneno matupu hayatoshi kuyaeleza.

Kisha rudi nyuma hadi 1672, na hapa naomba usipapase. Waholanzi walifungua milango ya maji na kubomoa matuta, wakazamisha mashamba yao wenyewe ili kuwazuia Wafaransa: maji haba mno kwa meli, mengi mno kwa jeshi la miguu. Amsterdam iliokoka hivyo. Wakulima waliopoteza ardhi walipinga, nao wanastahili nafasi katika insha yako. Desemba maji yakaganda, Wafaransa chini ya jenerali wao, Duke wa Luxembourg, wakavuka juu ya barafu, lakini ikaanza kuyeyuka. Wakaishia kuteketeza vijiji vya Bodegraven na Zwammerdam.

Mapigano ya Seneffe ya 1674 yape aya moja tu: damu nyingi ilimwagika, na pande zote mbili zikadai ushindi.