Mweka hazina mcha Mungu naye akaguliwe

Ukihudhuria uchaguzi wa viongozi wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kuna sifa moja utaisikia ikirudiwa kuliko zote: "Huyu ana hofu ya Mungu." Basi, mikono inanyooshwa, makofi yanapigwa, mtu anakabidhiwa fedha za wenzake. Hakuna anayeuliza kama anajua kujumlisha. Hapa kwetu Mbagala nilichaguliwa hivyo hivyo, kwa kuwa naimba kwaya na watu wananiona Jumapili na Biblia mkononi. Nashukuru waliniamini, lakini hadi leo naona ilikuwa sababu dhaifu ya kumpa mtu fedha.

Sisemi imani haina kazi. Ninachokipinga ni kuifanya imani ya mtu ichukue nafasi ya hesabu. Kuna kikoba kimoja si mbali na kwetu, fedha zao zilikuwa zikikaa nyumbani kwa mzee anayeheshimika sana kwenye nyumba yake ya ibada. Ilipofika Desemba, wakati wa kuvunja kikoba na kugawana, mzee akaanza kusema subirini kidogo. Si kwamba alikuwa mwizi wa kuvunja milango. Mtoto aliumwa, akachukua kiasi akinuia kurudisha. Ikaja ada, akachukua tena, akinuia kurudisha. Alinuia mema mwaka mzima, na akina mama wale wakala sikukuu kwa kukopa dukani.

Watu walisema mzee alikuwa mnafiki. Mimi siamini hivyo. Kilichomponza ni kuachwa peke yake na fedha, funguo zote zikiwa mfukoni mwake. Waliotufundisha vikoba walitueleza utaratibu huu tangu siku ya kwanza: sanduku la chuma liwe na kufuli tatu, funguo zishikwe na watu watatu, na yule anayelala na sanduku asiwe na ufunguo hata mmoja. Ni usumbufu kweli. Mshika ufunguo akienda msibani Lindi, mkopo hautoki wiki hiyo. Ndiyo maana vikundi vingi baada ya muda huzikusanya funguo zote mahali pamoja na kusema "sisi tunaaminiana." Ukisikia neno hilo kwenye kikundi chako, simama uulize funguo ziko wapi.

Wapo wanaoona kukaguliwa ni kuvunjiwa heshima, hasa wazee wa kanisa na watu wa msikitini. Hao huwa nawarudisha kwenye maandiko yao wenyewe. Mtume Paulo alipokusanya mchango wa kuwasaidia waumini wa Yerusalemu hakuachiwa aubebe peke yake. Katika barua yake ya pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza kwamba makanisa yalichagua mtu wa kufuatana naye, ili pasiwe na wa kuwalaumu kwa habari ya fedha hizo. Huyo ni Paulo! Na Waislamu wa kikundi chetu ndio walionionyesha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia deni: liandikwe, tarehe ya kulipa itajwe, mashahidi wawepo, wala msichoke kuliandika liwe dogo au kubwa. Kwa hiyo anayesema "daftari la nini, sisi ni watu wa dini" anaijua dini yake nusu. Kila siku tunaomba tusitiwe majaribuni. Ukishaomba hivyo, usiende kulala na milioni sita uvunguni.

Kikao chetu kinaanza kwa dua, wiki hii ya Kikristo, wiki ijayo ya Kiislamu. Kisha, kabla kufuli hazijafunguliwa, mwenyekiti anauliza, "Jamani, tulifunga na shilingi ngapi?" Wanachama wote wanajibu kwa kichwa. Kila mtu anatakiwa kulikariri salio la wiki iliyopita, hata bibi yetu asiyejua kusoma, ambaye kusema kweli ndiye asiyekosea kamwe. Ndipo sanduku linafunguliwa, noti zinamwagwa mkekani, na wahesabuji wawili wanazipanga: elfu kumi huku, elfu tano huku, mbili mbili na sarafu pembeni. Mimi mweka hazina sizigusi mpaka wamalize. Hisa, yaani akiba ya kila mwanachama, zikishanunuliwa, faini za waliochelewa na michango ya mfuko wa jamii wa kusaidiana kwenye shida zikishakusanywa na mikopo ikishatolewa, tunahesabu upya na kulitangaza salio jipya.

Siku moja elfu kumi ilipungua. Ukumbi ukawa na kimya kile kinachokera, watu wakitazamana kwa pembe za macho. Kabla hata mwenyekiti hajauliza, dada katibu akasema, "Ni mimi huyu. Wiki iliyopita nilitoa mkopo mwishoni mwishoni tukiwa na haraka, nadhani nilizidisha noti. Nitalipa, na huyo mama nitamfuata mwenyewe." Hakusingizia haraka ya mwenyekiti, ingawa angeweza, maana ndiye aliyekuwa akituharakisha. Wala hakusema shetani amempitia. Mwaka uliofuata alichaguliwa mwenyekiti, na sikumbuki kama kuna aliyetaja dini yake.

Kwa watu wa rika langu, jambo kama hilo linatukumbusha Mzee Ali Hassan Mwinyi. Miaka ya 1970 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani pale watuhumiwa walipokufa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Hakuwagusa yeye. Akajiuzulu hata hivyo, kwa kuwa wizara ilikuwa yake. Baadaye alikwenda Misri kuwa balozi, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na 1985 Rais wa Muungano. Sisemi ukikubali makosa utapewa urais. Wengine hukubali makosa wakaishia kulipa tu. Lakini watu walijua kitu kimoja kumhusu: mambo yakiharibika chini yake, hatamtafuta mdogo wa kumbebesha.

Kizazi hicho kilikuwa na ahadi ya mwanachama wa TANU, chama tawala cha enzi hizo: cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu. Tuliikariri shuleni. Ninachokipenda zaidi ni kwamba Azimio la Arusha la 1967 halikuridhika na kiapo. Liliandika miiko inayopimika: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991 kule Zanzibar CCM, chama kilichoirithi TANU, kikailegeza miiko hiyo, na mjadala wa kama ilikuwa sahihi bado unawaka kila penye kahawa na bao. Tangu 1995 tuna sheria ya maadili inayowataka viongozi wa umma watoe tamko la mali zao. Kikoba hakihitaji sheria ya Bunge kufanya hivyo hivyo. Sisi viongozi mikopo yetu inasomwa kwa sauti kama ya wengine, ya kwangu kwanza.

Sasa kwa wewe unayekopa. Kuna mama anayekaanga mihogo stendi, mwanachama mwenzetu. Masika moja mvua ilimkosesha wateja, akaona marejesho hayatatimia. Alikuja wiki mbili kabla ya tarehe, si siku ya tarehe, akasema, "Ndugu zangu, hali yangu ni hii, naomba niongezewe mwezi, leo nimekuja na hizi." Akaweka alichokuwa nacho. Alikubaliwa bila maneno mengi, na alipomaliza deni akaomba mkopo mkubwa zaidi akapewa. Mwenzake mwenye duka zuri na mtaji mkubwa kuliko wake hujibu "inshallah wiki ijayo, Mungu ni mwema," kisha anazima simu. Mungu ni mwema kweli, lakini jina lililo kwenye daftari ni lake. Huyo akiomba mkopo sasa, ukumbi mzima unapatwa na kikohozi. Nikisikia "Mungu akipenda," najibu "Amina" na kuuliza tarehe. Hiyo tarehe naiandika.

Jambo lingine ambalo halisemwi ni ndugu. Ukishakuwa mweka hazina, shemeji yako anajua, binamu yako anajua, na simu za usiku za "dada, niokoe tu mpaka Ijumaa" zitakuja. Watu wengi waaminifu wameangushwa na huruma, si tamaa. Waambie wa nyumbani mapema, bila kuzunguka, kwamba funguo ziko kwa watu wengine na huwezi kutoa hata ukitaka. Iwe kweli, usiwaongopee. Kama fedha zenu ziko kwenye simu, tumieni akaunti ya kikundi ambayo kutoa kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja; msiziweke kwenye laini binafsi ya kiongozi, hata kwa usiku mmoja. Na mjisajili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi kama vyetu katika daraja la nne, na usajili unawapa pa kushtakia siku mambo yakiharibika.

Muhula wako ukiisha, ondoka kwa hesabu, si kwa hotuba. Nabii Samweli, akiwa mzee na mvi zake, alisimama mbele ya Israeli yote akawauliza: nimetwaa ng'ombe wa nani, nimemdhulumu nani? Semeni nirudishe. Fanya hivyo. Fedha zihesabiwe, daftari lisomwe kuanzia mwezi wa kwanza, wadaiwa watajwe na kiasi wanachodaiwa, anayepokea asaini na anayetoa asaini, mashahidi wawili nao wasaini. Namba ya siri ya akaunti ibadilishwe hapo hapo, kabla soda hazijagawiwa.