Kabla hujaenda kujitolea nje, nenda ukakae na aliyerudi

Kuna dada wa Malindi ameniandikia juzi, amepata nafasi ya kwenda kujitolea Sierra Leone na anauliza kama mafunzo anayopewa yanatosha. Nimeona nimjibu hapa manake najua mko wengi mnaotaka kutoka.

Mimi ni mtu wa maabara. Nilipochaguliwa kwenda Bo, huko huko Sierra Leone, kwetu Lamu hawakufurahi. Ami yangu alisema barazani mbele za watu, "Umesoma miaka yote hiyo uende ukafanye kazi ya bure?" Lile neno mpaka leo linaniuma. Watu wetu wamezoea kuona wazungu ndio wanakuja kujitolea, mtoto wa Amu, yaani Lamu, akienda yeye anaonekana kapungukiwa akili. Na sio bure, posho ya kujikimu unapewa, hata ule mpango wa Umoja wa Mataifa wa kujitolea ulioanza 1970, wengi wanaoenda siku hizi wanatoka nchi kama zetu.

Semina za kabla ya safari zilikuwa sawa, slaidi, vikundi, cheti. Kilichonifaa hasa ni kwenda mtaa wa Langoni, pale Lamu, kwa bibi mmoja, mkunga mstaafu aliyewahi kujitolea kule.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, keti."

Akaleta mahamri na mbaazi na hakutaja kazi mpaka nimeshiba. Ndipo akatoa kopo kuukuu la maziwa ya unga, ndani mna kadi yake ya chanjo, tochi ndogo, na karatasi iliyokunjwa mpaka imechanika mikunjoni. Ni majina ya majirani, na kila jina pembeni kaandika, huyu anauza makaa, huyu kisima chake hakikauki, huyu mamake mgonjwa. "Kazi niliikuta wenyewe wanaijua," akaniambia, "mimi ndio nilikuwa sijui pa kuchota maji. Waamkue watu kwanza, kazi itafuata."

Nikamuuliza upweke je. Akanyamaza kidogo. Akasema mvua kule ni Mei mpaka Oktoba na usiku wake ni mrefu, kwao saa tatu usiku huku ni saa sita, ukipiga simu mamako kashalala. "Piga alasiri ya kule, huku tumeshaswali magharibi, wote wako nyumbani." Hilo hakuna slaidi iliyoniambia!

Nilipofika Bo nikaanza na salamu, nyumba kwa nyumba, na maabara tuliyoisimamisha pale najivunia mpaka kesho. Vijana wenzangu, msiende na vifua mbele eti mna diploma. Nendeni mkasikilize, waliotutangulia wapo mitaani mwetu na hakuna anayewauliza, ni aibu kwetu. Wala msijione watu wa pwani malaria mmeizoea, chandarua na dawa ya kinga ni lazima. Homa ya manjano chanja angalau siku 10 kabla ya safari, tangu 2016 cheti chake ni cha maisha.

Dada yangu, waombe waliokufundisha wakuunganishe na mtu aliyerudi kutoka nchi hiyo hiyo, sio nchi jirani, na ukienda muulize mambo ya nyumbani, maji yanatoka wapi, posho inaingia lini, ukiugua usiku unamgongea nani.