Re: Nge na Orioni hawaonani kweli?

Umeuliza kama ni kweli kundi la nyota la Nge likichomoza, lile la Orioni hukimbia, yaani hutua. Wagiriki walisimulia hivyo: mwindaji Orioni alijigamba kwamba ataua wanyama wote, Gaia, mungu wa kike wa ardhi, akamtuma nge amuue. Kule kwao inakaribia ukweli. Dar es Salaam haishiki. Mwisho wa Aprili, mnamo saa mbili na nusu usiku (masika ikikupa nafasi), tazama kusini-mashariki: kichwa cha Nge kiko juu na Antares, nyota yake nyekundu, imetoka tu kwenye upeo, huku Orioni angali magharibi. Tafuta mahali pasipo na majengo pande zote mbili.

Usiichanganye Antares na sayari ya Mirihi, nyekundu pia, ambayo mara nyingine hupita karibu nayo. Antares humetameta na ina nyota hafifu kila upande, Mirihi hutulia.