Nina shahada ya historia: naweza kudahiliwa uzamili wa sayansi ya siasa?

SWALI: Nimehitimu historia kwa wastani wa 3.1 kati ya 4.0 na ningependa kusoma uzamili wa sayansi ya siasa Marekani. Nitakubaliwa bila kuwa na msingi wa siasa? Na ni lazima niandike tasnifu?

JIBU: Historia haikufungii mlango. Programu nyingi hupokea wahitimu wa fani nyingine. Kinachowatia shaka wanaodahili ni kama umewahi kugusa takwimu au mbinu za utafiti. Kama hujawahi, unaweza kudahiliwa kwa masharti: uanze na kozi za kuziba pengo, ambazo mara nyingi hazihesabiwi kwenye krediti za shahada. Ulizia hilo kabla hujalipa ada ya maombi.

Kiwango cha chini huwa 3.0 kwa vyuo vingi, kwa hiyo umevuka, ila kwa nafasi ndogo. Basi maandishi yako ndiyo yatakayokubeba. Kwenye maelezo ya malengo, usianze na “tangu utotoni napenda siasa”; wasomaji wa maombi wameichoka sentensi hiyo. Hata “nataka kusoma demokrasia” haisemi kitu. Andika swali: kwa nini baadhi ya vyama tawala hukubali kushindwa kwenye uchaguzi na vingine hukataa? Kisha taja utalinganisha nchi zipi, na mhadhiri gani wa idara hiyo anashughulikia jambo hilo.

Sampuli ya maandishi nayo iwe na hoja. Insha ya historia inayosimulia tu matukio haitakusaidia, hata kama ilipata A. Ichukue, uandike upya utangulizi wake, swali na hoja vionekane ukurasa wa kwanza.

Barua za mapendekezo, ambazo kwa kawaida ni 2 au 3, ziombe kwa wahadhiri waliosahihisha kazi zako, si kwa mkubwa anayekujua kwa jina. Mtihani wa GRE, unaopima uwezo wa jumla wa waombaji wa uzamili, vyuo vingi vimeuacha. Panapotakiwa, matokeo hudumu miaka 5. Yale ya TOEFL, mtihani wa lugha ya Kiingereza, hudumu miaka 2.

Ukishaingia, tarajia krediti 30 hadi 36, takriban miaka 2, na wastani usioshuka chini ya B. Mbinu za utafiti karibu kila mahali ni lazima. Nyingine huchaguliwa kutoka siasa linganishi, uhusiano wa kimataifa, nadharia ya siasa na kadhalika.

Tasnifu si lazima kila mahali. Njia ya pili ni kuongeza kozi, kisha kufanya mtihani wa jumla au kuandika andiko fupi la utafiti. Kama unalenga uzamivu, mimi ningekushauri tasnifu bila kusita; kama unataka kurudi kazini haraka, kozi zinatosha. Ukichagua tasnifu, tafuta msimamizi ndani ya mwaka wa kwanza. Na kama utahoji watu, omba kibali cha maadili ya utafiti mapema, kwa sababu mahojiano uliyofanya kabla ya kibali huenda usiruhusiwe kuyatumia.